Kitanda ya Bruxelles: nani analipa?

Ba papa na ba mama, wasomaji wetu ya kila juma, leo hatuandike juu ya mushahara wala juu ya buti ya kazi. Tunaandika juu ya hoteli. Tena hoteli ya wakubwa, ile yenye marumaru chini, taa ya vioo juu, na mutu ya kofia anasimama ku mulango juu ya kukufungulia. Wengine watacheka: sisi watu ya Kampemba, tuko na kazi gani na hoteli ya nyota tano? Ngojeni kidogo. Kuko sababu.

Mwezi uliopita kampuni moja kati ya zile tunafanyia kazi ilituma barua ku komite yetu ya sendika. Jina yake hatutaje, juu mazungumuzo ingali inaendelea. Barua inasema hivi: wakubwa ya kampuni kule Ulaya wanataka kuonana na delege tatu ya wafanyakazi mu muji ya Bruxelles, siku ine, juu ya mapatano mupya ya kazi. Tiketi ya ndege iko tayari. Na ku mwisho ya barua waliongeza: delege wachague wenyewe hoteli, kati ya Amigo, Astoria ao Plaza. Kampuni italipa yote.

Barua ile tuliisoma mu mukutano ya Bel-Air, mbele ya wafanyakazi na bibi zao. Mama moja, mujane ya mutu ya mugodi, akainua mukono, akauliza: "Ba papa, usiku moja mu ile nyumba ni franga ngapi?" Hakuna mutu alimujibu. Basi tulijipa kazi ya kutafuta: hoteli hizi ni gani, zilitoka wapi, zinauza bei gani, na tukilala ndani yake, tutakuwa tumelala kwa nani. Ile tulipata njo hii.

AMIGO, JELA YENYE ILIGEUKA HOTELI

Amigo iko nyuma ya nyumba ya muji, hatua kidogo kutoka Grand-Place, ule uwanja ya zamani yenye manyumba ya kupakwa rangi ya zahabu. Kutoka uwanja ya ndege ya Zaventem unapanda treni, dakika karibu makumi mbili, unashuka ku Gare Centrale, kisha unaenda kwa miguu, dakika kumi hazifike. Kwa mutu yenye hajue muji, hakuna nafasi mwepesi kupita hapo.

Jina yake inachekesha. Amigo ni "rafiki" kwa Kihispania. Lakini miaka mingi nafasi ile ilikuwa jela. Wanasema Wahispania, wakati walitawala kule, walichanganya neno ya Kiflama yenye kumaanisha jela na neno yenye kumaanisha rafiki, na jina ikabaki vile. Mu 1873 mushairi ya Ufaransa, Paul Verlaine, alifungwa mule kisha kumupiga mwenzake Arthur Rimbaud risasi ya mukono. Hoteli yenyewe ilifunguliwa mu 1957, mwaka moja mbele ya maonyesho ya dunia ya 1958. Wazee wetu wanakumbuka maonyesho ile: mamia ya Wakongomani walipelekwa Bruxelles, na wamoja wakawekwa mu kijiji cha kuonyesha, wageni wakawaangalia juu ya fensi kama nyama ya pori. Wenye Amigo ilijengewa na wenye kijiji kile kilijengewa, walikuwa mu muji moja, mu mwaka moja.

Leo Amigo ni nyota tano, iko mu kundi ya Rocco Forte. Vyumba vyake vingine vinatazama munara ya nyumba ya muji. Mutu ya sendika akilala pale, ajue kitu moja: pale pale ku Grand-Place kuko nyumba inaitwa Le Cygne. Mu nyumba ile chama ya wafanyakazi ya Ubelgiji, Parti Ouvrier Belge, ilizaliwa mu 1885. Na mbele ya pale Karl Marx naye alikaa Bruxelles miaka tatu, mupaka polisi ilimukamata na kumufukuza mu mwezi ya 3, 1848. Kwa hiyo upande ile ya muji haikukuwa siku zote ya watu ya makuta mingi.

PLAZA NA MWAKA 1960

Plaza iko ku boulevard Adolphe Max, karibu na Gare du Nord. Ilijengwa karibu na mwaka 1930. Ndani yake kuko sali ya tamasha ya kupambwa sana, na wakati ya vita ya pili Wajeremani waliikalia. Kati ya zile tatu, bei yake ni ya chini kidogo, lakini "chini kidogo" ya kule si ya kwetu.

Kwa Mukongomani, Plaza iko na maana yenye zingine hazina. Tarehe 20 ya mwezi ya 1, 1960, Table Ronde ilifunguliwa Bruxelles juu ya uhuru ya Kongo. Lumumba hakukuwa pale ku mwanzo: alikuwa mufungwa, na siku zile wakamuleta hapa kwetu, mu jela ya Jadotville, Likasi ya leo. Wajumbe wenzake walikataa kuendelea bila yeye. Wakamutoa mu jela, wakamupandisha ndege ya kwenda Ubelgiji. Tarehe 27 ya mwezi ile, siku ya uhuru ikakatwa: 30 ya mwezi ya 6. Kabasele na African Jazz yake, na Docteur Nico ku gitaa, na Vicky Longomba na Brazzos wenye walitoka OK Jazz, walikuwa Bruxelles siku zile, wakapiga "Indépendance Cha Cha" mu Plaza. Wimbo ile kila mutoto ya Katanga anaijua, hata wenye hawasikie Lingala.

Watu wengi wanaishia pale, ku wimbo. Sisi tunaomba tuendelee kidogo, juu habari ya shaba ilikuja kisha.

Kulikuwa Table Ronde ya pili, ya uchumi, kutoka tarehe 26 ya mwezi ya 4 mupaka 16 ya mwezi ya 5, mwaka ule ule. Pale njo walipaswa kuongea juu ya mali: nani atashika hisa ya serikali mu makampuni, na zaidi mu Union Minière. Lakini wakubwa ya siasa walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani juu ya kampeni ya uchaguzi. Wengi wenye walikaa ku meza ile walikuwa vijana ya masomo, wakiwa mbele ya watu ya benki wenye walifanya ile hesabu maisha yao yote. Na siku chache tu mbele ya 30 juni, serikali ya Ubelgiji ilivunja Comité Spécial du Katanga, ile CSK yenye ilishika hisa ya Union Minière na nguvu ya kura. Kongo ikazaliwa, lakini nguvu yake ya kura mu kampuni ya shaba ilikuwa imepunguka. Mabishano ya ile mali iliendelea miaka na miaka.

Hatuseme wazee wetu walifanya mubaya kucheza. Uhuru ilikuwa uhuru, na furaha ilikuwa haki yao. Tunasema: mu hoteli kubwa kuko sali ya muziki na kuko meza ya hesabu, na delege ya wafanyakazi anatumwa ku meza ya hesabu.

ASTORIA, BARABARA MOJA NA MABWANA YA SHABA

Astoria iko ku rue Royale. Ilijengwa juu ya maonyesho ya dunia ya 1910. Ilikuwa nafasi ya wafalme na watu ya jina. Kisha ikafungwa mu 2007, ikabaki kimya miaka zaidi ya kumi na tano, wakaitengeneza, na ku mwisho ya 2024 ikafunguliwa tena mu mukono ya Corinthia, kundi ya hoteli yenye asili yake ni kisiwa cha Malta. Kwa uzuri, wenye wameiona wanasema hakuna ya kuipita leo mu Bruxelles: dari ya vioo, marumaru, ngazi ya zamani. Kwa bei pia ni vile vile.

Lakini angalieni barabara. Ukishuka ile rue Royale mupaka karibu na bustani ya muji, unafika nafasi Société Générale de Belgique ilikuwa na makao yake. Société Générale njo mama ya Union Minière du Haut-Katanga. Union Minière ilizaliwa tarehe 28 ya mwezi ya 10, 1906, mwaka moja na BCK ya njia ya treni na Forminière ya almasi. Kwa miaka makumi sita, mupaka serikali ya Kongo ilipokamata mali ile ku mwanzo ya 1967, maneno mingi ya maisha yetu ilikatwa mu ile kartie: nani aajiriwe, camp gani ijengwe, posho kilo ngapi, mutoto ya mufanyakazi asome mupaka darasa ya ngapi. Babu zetu walichimba hapa, kalamu ilitembea kule. Delege atalala Astoria, asubui atafungua dirisha, na ile barabara itamuambia kitu kama anajua kusikia.

MÉTROPOLE HAIKO MU BARUA

Mu barua ya kampuni kunakosa hoteli moja yenye jina kubwa kupita zote: Métropole, ya place de Brouckère. Sababu ni rahisi: ilifungwa mu 2020, wakati ya ugonjwa ya corona, na wafanyakazi wake zaidi ya mia moja wakapoteza kazi.

Tunaitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza: ilifunguliwa mu 1895 na watu ya kiwanda ya bia, familia ya Wielemans, na mu 1911 wataalamu wakubwa ya dunia walikutana pale mu mukutano ya kwanza ya Solvay: Einstein, Planck, Rutherford, na Marie Curie, mama ya radium. Mwaka ule ule, tarehe 30 ya mwezi ya 6, 1911, hapa kwetu shaba ya kwanza ilimiminwa ku kiwanda ya Lubumbashi. Mu 1915 wakavumbua Shinkolobwe, kando ya Likasi, na tangu 1922 jiwe ya kwetu ikapelekwa Olen, mu Ubelgiji, kutolewa radium. Wale ya mu sali nzuri na wale ya mu shimo walikuwa mu kazi moja, lakini hawakujuana.

Sababu ya pili inatuhusu sisi watu ya sendika. Hoteli ya wakubwa haijengwe na marumaru. Inajengwa na mama mwenye kutandika vitanda, kijana mwenye kubeba mizigo, mupishi, mwenye kufua mashuka. Mulango ikifungwa, mwenye nyumba anabaki na nyumba, mama ya vitanda anabaki na mikono. Sisi tuliona vile mu Gécamines, hatuhitaji mutu atufasirie.

Mu Ubelgiji, wafanyakazi ya hoteli na restora wako na meza yao ya mapatano, inaitwa commission paritaire 302. Pale sendika na mabwana wanaandika pamoja mushahara ya chini ya kila kazi, na mushahara ile inapandishwa kufuata bei ya vitu. Bei ya mukate ikipanda, mushahara inafuata kisheria. Mufanyakazi hasubiri huruma. Hii njo kitu delege wetu wanapaswa kuleta nyumbani kutoka Bruxelles. Sabuni ndogo ya ku chumba, wawaachie.

HAPA KWETU: PARK NA KARAVIA

Musifikiri ni neno ya Ulaya tu. Lubumbashi yetu iko na hoteli mbili zenye kuuliza swali ile ile.

Hoteli Park, mu kati ya muji, wazee wanaijua na jina ya Leo Deux, juu wakati ya wazungu iliitwa Léopold II. Wakati ile mutu mweusi alikuwa anaingia na sinia mu mukono ao na fagio. Usiku alipaswa kuwa mu cité. Wakati ya secession, kutoka 1960 mupaka 1963, waandishi ya magazeti ya ngambo na askari ya kulipwa walijaa pale. Karavia nayo ilikuja kisha, mu miaka ya sabini, kando ya maji na uwanja ya golf. Iliitwa Sheraton, kisha Grand Karavia, kisha Pullman. Kila mwaka, mwezi ya 6, watu ya makampuni ya mugodi wanajaa mule juu ya mukutano yao kubwa ya DRC Mining Week. Wanaongea juu ya shaba na cobalt. Wenye kuzichimba, wengi wao hawajavuka ule mulango hata siku moja.

Na hapa kwetu pia, mazungumuzo ya mapatano kati ya mabwana na sendika inafanyikaka mu sali ya hoteli. Chakula ya saa sita, maji ya baridi, bahasha ya "transport". Kila mufanyakazi anajua ile bahasha. Kwa hiyo barua ya Bruxelles haikuleta swali mupya. Ilileta swali ya zamani na nguo ya bei.

BEI, NA MITEGO YAKE

Sasa tujibu mama yetu. Chumba mu hoteli ya nyota tano ya Bruxelles, mara nyingi usiku moja inapita euro 300, na siku zenye kuko mikutano mingi ya Ulaya inapanda tena sana. Delege tatu, usiku ine, ni usiku kumi na mbili. Kila mutu ajifanyie hesabu, kisha aweke ile hesabu kando ya karatasi yake ya mushahara.

Tena bei ya kitanda haiko bei yote. Chai ya asubui mara nyingi inalipwa mbali. Friji ndogo ya ku chumba, kila chupa iko na bei yake. Kufua shati moja inaweza kushinda bei ya shati yenyewe ku soko ya Kenya. Na kuko mutego wenye watu yetu hawajue: ukifika, wanaomba kadi ya benki, wanafunga makuta fulani juu yake kama rehani, hata kama chumba imekwisha lipwa. Mwenye kutembea na franga mu mufuko peke yake anaweza kupata haya mbele ya watu. Kisha mutu ya kampuni anakuja na kadi yake, anasema "usijali, papa, mimi niko hapa". Toka pale deni imezaliwa, hata kama haikuandikwa popote.

Juu ya viza pia: ubalozi inaomba delege aonyeshe nafasi atalala. Karatasi ya hoteli inatosha, lakini karatasi ya mutu ya Ubelgiji mwenye kukubali kumupokea, kama imefanywa kisheria ku commune yake, inatosha pia. Kumbe mutu asituambie hoteli ya kampuni njo njia moja tu ya kupata viza.

MABISHANO YETU

Mu komite tulibishana usiku mbili. Tutaandika pande zote mbili, juu zote mbili zilikuwa na nguvu.

Upande moja ulisema: tukubali, tena tuchague ile ya bei ya juu. Kwa nini injinia ya kampuni analala Amigo, na mutu ya mugodi alale mu chumba ya pembeni na maji ya baridi? Babu zetu walikatazwa kuingia Leo Deux. Leo wanatuita wenyewe, sisi tukatae? Mwili ya mufanyakazi nayo ni mwili. Akilala mubaya, asubui ku meza atasinzia, na mwenzake ya upande ingine amelala muzuri. Muzee moja mwenye alifanya miaka makumi tatu chini ya ardhi alisema: "Mimi nilitoa mapafu yangu kwa hii kampuni. Usiku ine mu kitanda muzuri, hata pale hatujalingana."

Maneno ile ilituchoma. Hakuna mutu alicheka.

Upande ya pili ulisema: haiko kitanda tunaogopa, ni mukono yenye kulipa. Kumbukeni tarehe 9 ya mwezi ya 12, 1941. Wafanyakazi ya Union Minière walisimamisha kazi hapa Elisabethville, wakaomba mushahara yenye kufaa. Léonard Mpoyi aliongea kwa jina yao, na alipigwa risasi pamoja na wenzake. Wakati ile delege hakuitwa ku hoteli. Waliona ni rahisi kumuua. Leo haiko risasi tena, ni funguo ya chumba. Tusidanganyike kwamba mwenye kutoa funguo anafanya bure.

Na sheria iko. Mapatano ya kimataifa ya kazi namba 98, ya 1949, yenye Kongo ilikubali, inakataza mabwana kusaidia chama ya wafanyakazi na makuta kwa nia ya kuiweka chini ya mukono yao. Sheria yetu ya kazi, ya tarehe 16 ya mwezi ya 10, 2002, inasema delege anachaguliwa na wafanyakazi. Anachaguliwa na wafanyakazi, maana yake anahesabu mbele ya wafanyakazi. Mwenye kulala usiku ine kwa gharama ya ngambo ya pili, atarudi kuongea nini mbele ya mujane mwenye anangojea malipo ya mwisho ya bwana yake?

Mwenzetu moja kijana alijaribu njia ya katikati: kampuni ilipe, lakini iandikwe wazi. Wengine wakamuuliza: wakati ya kukataa neno fulani ku meza, ulimi yako itakuwa mwepesi kama ya mutu mwenye alijilipia? Alifikiri, akasema: "Labda hapana." Tulimuheshimu kwa jibu ile.

ILE TULIKATA

Komite ilipiga kura, na wengi walikubali hivi.

Delege wataenda. Kukataa mwaliko kungekuwa kuwapatia wengine nafasi ya kuongea kwa jina yetu, na 1960 ilitufundisha bei ya kiti tupu ku meza ya uchumi.

Tiketi ya ndege kampuni italipa, juu yeye njo aliita mukutano mbali vile, na wafanyakazi hawawezi kuchanga bei ile. Lakini tumeomba bei iandikwe, na mukutano ya mwaka kesho ifanyike hapa Lubumbashi, mbele ya macho ya wenye kuhusika.

Kitanda, hapana. Wenzetu wamoja ya sendika kule Ubelgiji wamekubali kuwapokea delege mu manyumba yao, na karatasi ya kuwapokea wameianza. Chakula na tramu, mufuko ya sendika italipa, kiasi kimekatwa mbele, na kila mmoja atarudi na karatasi ya matumizi.

Kama mukutano yenyewe inafanyika mu sali ya Amigo ao Astoria, delege wataingia kwa mulango ya mbele, na nguo safi, kichwa juu. Hatukatae nyumba. Wakipewa kahawa, wakunywe. Bahasha ya aina yoyote, hata kama jina yake ni "transport", irudishwe pale pale, na irudi ikiandikwa mu ripoti.

Kitu ya mwisho njo ilileta kelele kidogo: tumeomba kampuni itume vitabu ya hesabu na pendekezo zake juma mbili mbele ya safari, kwa Kifaransa, na delege wazisome pamoja na mutu mwenye kujua hesabu. Kama vitabu havifike, ndege iondoke bila sisi. Hapo wenye kupenda hoteli na wenye kuikataa walipiga kura pamoja.

Kwa wasomaji ya camp zingine na kartie zingine, kutoka Kipushi mupaka Kolwezi: barua ya namna hii itafika kwenu siku moja, kama haijafika. Labda itakuwa Bruxelles, labda Johannesburg, labda Karavia pa mulango. Someni barua ile mbele ya wote, mama na watoto ya masomo wakiwa ndani. Ulizeni bei ya kila kitu kwa franga. Ulizeni nani analipa, na akilipa anangojea nini. Ulizeni kama ku meza kutakuwa karatasi ya kusoma, ao sahani tu.

Ripoti ya delege wetu, na matumizi yake yote mupaka bei ya tramu, itabandikwa ku mulango ya kazi juma ile ile watarudi. Kila mutu mwenye kujua kusoma amusomee mwenye hajue.